Nani Huiamuru Chembe Igawanyike?

Nilipokuwa Kidato cha Pili shangazi yangu alifariki dunia kwa saratani ya titi. Matangani niliwasikia watu wazima wakiulizana ni nani aliyemtupia uvimbe ule. Mimi nilirudi shuleni na swali jingine. Ikiwa mwili mzima umejengwa kwa chembe hai zinazogawanyika, ni kitu gani huziambia, "Sasa gawanyikeni," na, "Sasa basi"? Kitabu chetu cha Biolojia chaonyesha kromosomu zikitengana, lakini hakisemi nani atoaye amri.

Mwalimu alinianzishia mahali nisipopatarajia, yaani katika chungu cha pombe. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliieleza hamira iliyopatikana katika pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, akaiita Schizosaccharomyces pombe. Neno hilo la mwisho ni letu! Hamira hiyo ndiyo aliyoitumia Mwingereza Paul Nurse kuitafuta jeni inayotawala mgawanyiko. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walionyesha ya kuwa jeni ya binadamu yaweza kushika nafasi ya ile ya hamira iliyoharibika, na hamira ikaendelea kugawanyika. Basi chembe za bibi yangu na zile zilizomo chunguni mwake hutii amri moja.

Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kiitwacho Cdk1. Peke yake hakifanyi kazi. Chahitaji mwenzake, protini iitwayo saiklini, ambayo Tim Hunt aliigundua mwaka 1982 huko Woods Hole, Marekani, katika mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba anayewachoma wavuvi nyayo. Aliona kwamba protini hiyo huongezeka kidogo kidogo, kisha hutoweka ghafla kila chembe zinapogawanyika. Hunt, Nurse na Mmarekani Leland Hartwell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Sasa tulitazame umbo lenyewe, kwani humo ndimo siri ilimo. Umbo la Cdk2, ndugu wa Cdk1, limepigwa picha kwa eksirei. Lina sehemu mbili, ndogo juu na kubwa chini, na kati yao pana ufa ambamo ATP hukaa. Saiklini isipokuwapo, kitanzi cha kimeng'enya hicho hicho huulalia mlango wa ufa, kama mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe. Tena kipande kimoja kilichosokoteka kama parafujo kimegeukia nje, hata ATP haikai sawasawa. Picha ya mwaka 1995 yaonyesha saiklini ikikibana kimeng'enya ubavuni: parafujo yasukumwa ndani, na kitanzi chaondoka mlangoni. Kitanzi kikishabandikwa fosfeti, kazi huanza kwa nguvu zote. Kazi yenyewe ni kuzibandika protini nyingine fosfeti. Zikibandikwa na Cdk1, kromosomu hujikaza na utando wa kiini huvunjika.

Na kuacha je? Uko mtambo mkubwa wa protini, uitwao APC, ambao huitia saiklini alama ili ikatwekatwe. Walakini hauanzi kazi hiyo mpaka kila kromosomu imeshikwa na nyuzi zake, kama kiranja asivyoliruhusu gari la likizo liondoke kabla kila jina halijaitikiwa.

Katika saratani nyingi ulinzi wa namna hii huwa umeharibika. Dawa iitwayo palbociclib, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2015 kwa baadhi ya saratani za titi, huingia katika ufa wa Cdk4 na Cdk6 ikakalia mahali pa ATP. Huupunguza mwendo ugonjwa, wala haiung'oi. Shangazi hakuipata.

Nimefinyanga mfano wa Cdk2 na saiklini kwa udongo wa mtoni, nao uko juu ya kabati katika chumba cha Biolojia. Kitanzi kimekwisha kukatika mara mbili, kwa hiyo atakayeutazama asikiguse.