Alama ya Unyayo Haipimi Maumivu

Kipimo chenyewe hakina gharama. Lowesha wayo, kanyaga karatasi ya kaki, ondoka, tazama. Mguu wenye upinde huacha alama ya kisigino na ya sehemu ya mbele, zikiunganishwa na mkanda mwembamba upande wa nje. Mguu bapa hujaza katikati yote. Mwaka 1987 watafiti Cavanagh na Rodgers waliiingiza alama hiyo kwenye hesabu: ondoa vidole, gawa kilichobaki mafungu matatu yenye urefu sawa, kisha chukua eneo la fungu la kati uligawanye kwa eneo lote. Likipatikana jibu chini ya 0.21, upinde uko juu, likizidi 0.26, umelala. Shida huanzia hapo, kwa sababu namba inayoeleza umbo husomwa upesi kana kwamba imetaja ugonjwa.

Ushahidi hauruhusu usomaji huo. Harris na Beath waliochunguza miguu ya askari zaidi ya 3,600 wa Canada, na kutoa ripoti yao mwaka 1947, waliona kuwa mguu bapa ulio laini kwa kawaida haumsumbui mwenyewe. Wa kuangaliwa ni ule uliokakamaa, au ulio laini lakini kano yake ya kisigino ni fupi. Karatasi haitenganishi aina hizo. Kusimama kwa ncha za vidole hutenganisha vizuri zaidi: upinde ukijitokeza na kisigino kikaelekea ndani, kwa kawaida hakuna la kutisha. Mtoto mdogo naye huacha alama iliyojaa kwa sababu ya mafuta ya wayoni. Tena, majaribio katika majeshi ya Marekani, yaliyochapishwa mwaka 2009 na 2010, yalionyesha kuwa kuwachagulia makuruta viatu kwa umbo la wayo hakukupunguza majeraha kwa kiasi cha maana.

Atauliza mtu: basi kipimo kitupwe? Hapana, kipewe swali kinaloweza kulijibu. Mgonjwa wa kisukari au ukoma aliyepoteza hisia miguuni hawezi kusema panapomuuma, lakini mkeka wa mpira uliopakwa wino huonyesha: pale panapobeba uzito mkubwa, tuseme chini ya shina la kidole gumba, wino hukolea, na hapo ndipo kidonda kinaponyemelea. Vilevile mtu mzima ambaye unyayo wake mmoja unazidi kujaa huku mwenzake haubadiliki, na anaumia upande wa ndani wa kifundo, huenda kano inayoshikilia upinde inachoka. Huyo asikawie kumwona daktari. Lakini anayeshawishiwa kununua soli za bei ghali kwa sababu ya alama tu, ilhali mguu haumuumi wala haujabadilika, abaki na fedha zake.