Vitamini A Haizibi Ufa wa Surua

Kila surua inapozuka, wataalamu wa afya ya jamii huulizwa swali lile lile, ambalo jibu lake limekuwa likiandikwa kwa zaidi ya miaka 30: ikiwa vitamini A huokoa maisha ya mtoto mwenye surua, kwa nini mzazi asimpe mwanawe vitamini hiyo mapema na kuachana na chanjo? Swali hilo lina kasoro mbili, kwani linageuza tiba ya mgonjwa kuwa kinga ya mzima, na linasahau kwamba surua huzuiwa na mfumo wa afya ya umma, yaani majokofu, rejesta, maabara na wauguzi, ambao katika nchi nyingi, tajiri kwa maskini, umekuwa ukidhoofika kimyakimya.

Wanaoeneza imani hiyo hudai kwamba sayansi iko upande wao, na ni kweli kwamba ushahidi kuhusu vitamini A upo, tena sehemu yake muhimu ilitoka Tanzania. Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, ambako watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili: 88 walipewa matibabu ya kawaida pamoja na dozi kubwa mbili za vitamini A, siku ya kulazwa na siku iliyofuata, na 92 walipewa matibabu ya kawaida peke yake. Katika kundi la kwanza walikufa 6, na katika la pili 12. Mwaka 1990 jaribio la Cape Town, lililohusisha watoto 189, lilikazia matokeo hayo, kwa kuwa kati ya watoto 12 waliokufa, 10 hawakuwa wamepewa vitamini. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba mtoto mwenye surua apewe vitamini A kwa siku mbili mfululizo, na juu ya hilo wataalamu hawana ubishi.

Ubishi huanza pale majaribio hayo yanapotajwa na watu ambao hawakuyasoma. Watoto wote 180 wa Mvumi walikuwa wamekwisha kuugua kabla ya kumeza tone la kwanza, kwa hiyo jaribio lao haliwezi kusema lolote kuhusu kuzuia maambukizi, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa na upungufu mkubwa wa vitamini A katika damu, hali ambayo mtoto anayelishwa vizuri hanayo. Vitamini A hutengeneza na kukarabati utando laini wa macho, njia ya hewa na utumbo. Surua huushambulia utando huo huku ikimaliza akiba ndogo iliyobaki mwilini, na hapo ndipo mtoto hupofuka, au hufa kwa nimonia na kuhara. Kumrudishia akiba hiyo ni kumpunguzia madhara. Kukitambua kirusi na kukizuia ni kazi ya kingamwili, yaani protini ambazo mwili huziunda mahsusi kwa adui mmoja baada ya kukutana naye au kukutana na chanjo yake, na hakuna karoti, mafuta ya maini ya samaki wala kidonge kinachoweza kuufundisha mwili kazi hiyo.

Tena dawa hiyo si ya kuchezea. Kile kidonge laini chekundu ambacho muuguzi hukikata ncha kwa mkasi na kumkamulia mtoto kinywani kina yuniti 200,000, na katika utaratibu wa kawaida hutolewa mara moja kila baada ya miezi sita, kwa sababu vitamini A huyeyuka katika mafuta na ziada yake, badala ya kutoka kwa mkojo, hurundikana kwenye ini. Mwaka 2025, katika mlipuko wa Texas, Marekani, ulioandikisha wagonjwa 762, madaktari walikuta miongoni mwa watoto wenye surua wengine ambao maini yao yalionyesha kuzidiwa na vitamini A waliyopewa nyumbani. Watoto wawili walikufa katika mlipuko huo, na wote wawili hawakuwa wamechanjwa.

Imani ya namna hii hustawi pale mfumo unapoacha pengo, na mfano wa wazi ni Samoa. Mwezi Julai 2018 watoto wachanga wawili walikufa huko kwa sababu unga wa chanjo, ambao huchanganywa na maji yake maalumu, ulichanganywa kimakosa na dawa ya kulegeza misuli. Chanjo yenyewe haikuwa na kasoro, lakini serikali iliisimamisha kwa miezi kadhaa, wazazi wakabaki na hofu, na wahubiri wa vitamini wakapata uwanja. Mwaka huo watoto waliopata dozi ya kwanza walikuwa takriban 31 katika kila 100. Surua ilipoingia mwaka 2019 iliua watu 83, wengi wao wa umri wa chini ya miaka mitano, katika nchi yenye watu wapatao 200,000. Kwa idadi ya watu wa Tanzania, hiyo ingekuwa sawa na vifo zaidi ya 25,000. Mwezi Desemba ofisi za serikali zilifungwa kwa siku mbili, na kila nyumba yenye mtu asiyechanjwa ikatakiwa kutundika kitambaa chekundu nje ili timu ya chanjo iione.

Samoa si peke yake. Ili surua isisambae, watu 95 katika kila 100 wanapaswa kuwa na kinga, lakini mwaka 2024 dozi ya pili iliwafikia watoto 76 tu katika kila 100 duniani. Kanada ilipoteza hadhi ya nchi iliyotokomeza surua mwezi Novemba 2025. Mwaka 2019, wakati macho ya dunia yalikuwa kwenye Ebola mashariki mwa Kongo, surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini humo, wengi kuliko waliouawa na Ebola yenyewe.

La kufanya ni jepesi kuliko ubishi wote huu. Nchini Tanzania na Kenya mtoto hupata dozi ya kwanza akiwa na miezi 9 na ya pili akiwa na miezi 18. Aliyechelewa apelekwe hata sasa. Mwenye homa, mafua, macho mekundu na upele apelekwe kituoni, na vitamini A apewe na mhudumu wa afya kwa kipimo. Diwani na mbunge waulizwe kama jokofu la zahanati linafanya kazi na kama mhudumu ana usafiri wa kuwafuata walioikosa dozi. Na mzazi anayeamini kwamba matone yametosha afungue kadi ya kliniki: vitamini A ina sehemu yake, na chanjo ya surua ina yake.