Sinza Haijajaa

Kila kikao cha mipango miji Dar es Salaam kina mtu wa kuuliza swali hili: Sinza pamejaa, watoto wetu watajenga wapi? Jibu huwa analo mwenyewe mkononi: serikali ipime viwanja vipya, Mabwepande, Chanika, popote penye pori. Sisi wa fani hii tumelijibu mpaka sauti zimekauka. Kilichojaa Sinza ni ardhi, tena kwa nyumba za chini. Chukua kiwanja cha huko cha mita 12 kwa 24, chenye nyumba ya vyumba vinne, vibanda vya wapangaji uani na fremu mbili mbele. Jenga nusu tu ya eneo lake, sakafu nne, na unapata mita za mraba 576. Toa moja ya tano kwa ngazi, kuta na korido; zinazobaki zinatosha fleti nane za mita 55, na lifti huihitaji.

Dawa ya kiwanja cha pembezoni inapendwa kwa sababu bei yake inaonekana ndogo. Ni ndogo kwa kuwa gharama imehamishwa tu. Bomba, nguzo za umeme na lami anadaiwa mlipakodi, na nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi anadaiwa mwenye nyumba kila siku ya kazi, maisha yake yote. Tumeshaijaribu. Mradi wa viwanja 20,000 ulianza mwaka 2002, na vingi kati ya viwanja vile vilikaa miaka mingi bila kujengwa, huku mji ukiendelea kutambaa. Wakati huohuo Sinza, iliyopimwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ina mitaa iliyonyooka na shule, na tangu 2016 mwendokasi unapita kituo cha Shekilango. Tumeshalipia vyote hivyo, kisha tunawakimbiza watu mbali navyo. Hesabu gani hiyo?

Wapo wanaosema ghorofa zitaleta msongamano. Msongamano ni kaya sita katika vyumba sita, choo kimoja uani, na hali hiyo ipo tayari, kwenye nyumba za chini. Hoja ya majitaka ina uzito zaidi: sehemu kubwa ya jiji bado inategemea mashimo, na kaya nane juu ya shimo lililochimbwa kwa ajili ya moja ni kipindupindu kinachosubiri mvua. Lakini kaya nyingi zinazohudumiwa na kilomita moja ya bomba la majitaka hugawana gharama zake, na huko pembezoni hakuna wa kugawana naye. Wengine wanaogopa kubomolewa, na hawakosei: kaya 644 za Magomeni Kota zilisubiri takriban muongo mzima kabla nyumba mpya hazijazinduliwa mwaka 2022. Kwa sababu hiyo sipendekezi kubomoa mtaa mzima. Kujenga kiwanja kwa kiwanja, mwenye nyumba akiwa mbia, kunatosha.

Basi, mwenye kiwanja, kwa kifupi. Ukiweza, ungana na jirani: viwanja viwili vya mita 12 vinatoa upana wa 24, na hewa na mwanga vinapata njia. Fremu ziwe chini, zilipe mkopo, makazi yawe juu. Hilo linahitaji kibali cha kubadili matumizi kutoka manispaa, pamoja na kibali cha ujenzi. Pima udongo kabla ya mchoro. Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu hati ya kila sehemu ya jengo, kwa hiyo fleti mbili zinaweza kuuzwa kulipia nyingine. Mpangaji wa zamani apewe mkataba wa kurudi, kwa maandishi. Manispaa nayo ianze na bomba la majitaka, halafu vibali. Na anayekuuzia kiwanja cha pori, mwulize kwanza bomba la maji limefika wapi, na nani atalipia lililobaki.