Kanuni Zilizomo katika Mchoro wa Data

Mchoro wa huluki na mahusiano huonyesha data ambazo taasisi inazitunza. Kila kisanduku ni huluki, yaani aina ya mtu, kitu au tukio linalowekewa kumbukumbu, na kila mstari ni uhusiano kati ya huluki hizo. Peter Chen aliueleza mfumo huu katika makala yake ya mwaka 1976, miaka sita baada ya Edgar Codd wa IBM kupendekeza data zipangwe katika majedwali. Chen alitumia visanduku na almasi. Ofisi nyingi siku hizi hutumia mtindo wa mguu wa kunguru. Kwa fundi, mchoro huo ni hatua ya kujenga kanzidata. Kwa meneja au mhasibu, ni orodha ya kanuni za kazi zilizoandikwa kwa alama, na anayo haki ya kuzikagua kabla programu haijatengenezwa.

Katika mtindo wa mguu wa kunguru, alama huwa mwishoni mwa mstari. Kiduara maana yake sifuri, kijiti maana yake moja, na vidole vitatu vilivyotanuka maana yake nyingi. Kila ncha hubeba alama mbili: iliyo karibu na kisanduku hutaja idadi ya juu kabisa, na iliyo ndani zaidi hutaja idadi ya chini.

Chukua mchoro wa chama cha akiba na mikopo, wenye huluki MWANACHAMA na MKOPO na mstari ulioandikwa “hukopa”. Upande wa MKOPO kuna kiduara na mguu wa kunguru. Upande wa MWANACHAMA kuna vijiti viwili. Mstari huo mmoja una sentensi mbili, na kila sentensi huanza na “kila” na kusoma alama za ncha ya mbali. Ya kwanza: kila mwanachama anaweza kuwa na mikopo mingi, au asiwe na hata mmoja. Ya pili: kila mkopo ni wa mwanachama mmoja tu, na hakuna mkopo usio na mwenyewe. Anayesoma alama za ncha ya karibu hupata kanuni iliyogeuzwa kichwa chini, na hilo ndilo kosa la kawaida kwa wanaoanza.

Watu huutazama zaidi mguu wa kunguru, lakini kiduara ndicho chenye hatari. Kijiti cha ndani upande wa MWANACHAMA kikibadilishwa kuwa kiduara, mchoro unaruhusu mkopo usiojulikana ni wa nani. Programu itakubali namba ya mwanachama iachwe wazi, na hesabu za mwisho wa mwaka zitakuwa na deni lisilo na mdaiwa.

Udhamini unahitaji uangalifu zaidi. Mwanachama mmoja anaweza kudhamini mikopo mingi, na mkopo mmoja unaweza kuwa na wadhamini wengi. Majedwali hayawezi kubeba uhusiano wa wengi kwa wengi moja kwa moja, kwa hiyo katikati huwekwa huluki ya tatu, DHAMANA, yenye kiasi kilichodhaminiwa na tarehe. Hapa kanuni imejificha kwenye ufunguo mkuu, yaani data inayotofautisha kila safu ya jedwali na nyingine. Ufunguo ukiwa ni namba ya mwanachama pamoja na namba ya mkopo, mtu hawezi kuandikwa mara mbili kudhamini mkopo uleule. Ukiwa ni namba ya dhamana peke yake, kizuizi hicho hakipo, hata kama mistari haikubadilika hata kidogo.

Kuna pia yale ambayo mchoro hauyasemi kabisa. Mguu wa kunguru husema “wengi” bila kusema wangapi, hivyo masharti ya chama yakitaka wadhamini wasiopungua wawili, sharti hilo halionekani. Michoro ya UML, mtindo mwingine wa kuchora mifumo ya programu, huruhusu kuandika tarakimu kamili, na kwa hilo inastahili sifa. Lakini hata UML haizuii, kwa mstari peke yake, mwanachama kujidhamini mwenyewe, wala haionyeshi kwamba mkopo usizidi mara tatu ya akiba, kama vyama vingi vinavyotaka.

Suala la wakati huwapotosha hata wazoefu. Chama kinaweza kuwa na sharti kwamba mwanachama asichukue mkopo mpya kabla hajamaliza wa zamani, na bado mchoro uonyeshe mikopo mingi kwa kila mwanachama. Vyote viwili ni sahihi, kwa sababu kanzidata hutunza mikopo iliyokwisha lipwa pamoja na inayoendelea. Mtu akikazana kuweka kijiti mahali pa mguu wa kunguru ili kulinda sharti, atakuwa amefuta historia yote ya mkopaji.

Kwa sababu hiyo mchoro mzuri huambatana na karatasi ya kanuni kwa maneno ya kawaida: sentensi mbili kwa kila mstari, kisha masharti yasiyochoreka. Afisa mikopo husomewa sentensi moja moja na kuulizwa kama amewahi kukutana na jambo linaloipinga. Akikumbuka mkopo wa kikundi, uliochukuliwa na watu watano kwa jina moja, vile vijiti viwili upande wa MWANACHAMA vitabidi vichorwe upya.