Mtunzi ana haki ya kurekebisha, hana haki ya kufuta

Yapo mambo ambayo mtu huyashikilia kwa yakini kwa kuwa aliyaona kwa macho yake mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana, niliitazama filamu ya Kimarekani iitwayo Star Wars katika ukumbi uliojaa watu hadi mlangoni. Nakumbuka barabara kile kisa cha baa: Han Solo, mfanya magendo, ameketi mezani, mwindaji wa kukodiwa aitwaye Greedo amemwelekezea silaha, Solo anajibizana naye kwa utulivu huku mkono wake ukichomoa bastola chini ya meza. Ghafla anafyatua, na Greedo anaanguka. Hapakuwa na mlio mwingine. Niliporudia kuitazama filamu hiyo nyumbani pamoja na wanangu, Greedo ndiye aliyefyatua kwanza, akamkosa Solo ilhali wameketi meza moja! Nilipopinga, wanangu walinicheka. “Baba, umri umesonga,” wakasema, “umesahau.”

Sikuwa nimesahau, mpenzi msomaji. Filamu ndiyo iliyobadilishwa.

Star Wars ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Mei 1977. Mwaka wa 1997, katika kuadhimisha miaka 20 ya kazi hiyo, mtunzi na mwongozaji wake, George Lucas, aliirejesha kumbini ikiwa na marekebisho mengi. Picha zilizoundwa kwa kompyuta ziliingizwa, kisa kilichokuwa kimeachwa nje kikarudishwa, na Greedo akapewa nafasi ya kufyatua. Marekebisho hayakukoma hapo. Katika diski zilizotolewa mwaka wa 2004, sehemu ya mwisho ya Return of the Jedi, filamu ya mwaka wa 1983 katika mfululizo huo huo, iliguswa pia. Mzee Sebastian Shaw, mwigizaji aliyefariki mwaka wa 1994, aliondolewa katika picha ya kuagana na mahali pake pakawekwa kijana Hayden Christensen. Mwaka wa 2019 kisa cha Greedo kiliguswa tena, safari hii akiongezewa neno la kutamka kabla ya kufa.

Haya yote yangevumilika kama nakala ya kwanza ingaliendelea kupatikana. Lakini nakala mpya zilipoingia, ya zamani iliondolewa sokoni. Ilirudi kwa muda mfupi mwaka wa 2006 kama nyongeza tu, tena ikiwa imenakiliwa kutoka kwa kanda kuu zilizotengenezewa diski za leza za mwaka wa 1993. Picha yake ilikuwa hafifu, kana kwamba mwenye mali alitoa sadaka huku amenuna.

Hapo ndipo walipojitokeza watu ambao sheria haiwatambui, wala hawakutumwa na yeyote: mashabiki. Walianza kuzitafuta nakala za kale za filamu ya milimita 35, zile reli zilizokuwa zikizungushwa katika projekta za kumbi na ambazo baadaye zilidondokea mikononi mwa wakusanyaji binafsi. Kazi hiyo si nyepesi. Nakala nyingi za miaka hiyo zilitiwa rangi isiyodumu, na leo zimegeuka nyekundu kama udongo wa Murang'a. Chache zilizochapishwa kwa njia ya zamani ya Technicolor, ambayo rangi yake ilipigwa chapa juu ya filamu, ndizo zilizobaki na rangi zake.

Nakala ikishapatikana, kila picha hunakiliwa kwa mashine na kuingizwa katika kompyuta. Hebu tupige hesabu. Filamu hii ina urefu wa dakika 121, na kila sekunde moja ina picha 24. Jumla yake ni zaidi ya picha 174,000. Picha hizo zina mikwaruzo, mavumbi na alama za kuungiwa ambazo hapana budi kuondolewa bila ya kuiharibu picha yenyewe. Kundi moja la mashabiki lilifanya hivyo na kutoa toleo liitwalo 4K77 mwaka wa 2018. Kabla ya hapo, mwalimu mmoja wa Kiingereza kutoka Jamhuri ya Czech alikuwa ameshika njia nyingine: alichukua diski rasmi, akaondoa kila kiraka kipya, na mahali pake akashona vipande vya asili alivyovipata huku na huko. Hawakutafuta mshahara wala faida. Walitaka tu kuiona tena filamu waliyoipenda.

Je, walitenda haki? Wanasheria watatuambia upesi kwamba hakimiliki ni ya mwenyewe, na kwamba kunakili na kusambaza mali ya mtu bila ya idhini ni kosa. Ni kweli. Tena mashabiki wenyewe si malaika. Mara nyingi hubishana kuhusu rangi ipi ndiyo ya kweli, na wapo wanaotia mapendeleo yao na kuyaita asili. Hata hiyo asili ina utata wake, kwa maana mwaka wa 1977 filamu hii ilitolewa ikiwa na michanganyo mitatu tofauti ya sauti. Lakini wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kama si watu hawa, nakala safi ya filamu iliyowatoa machozi ya furaha wazazi wetu isingeonekana na mtu wa kawaida kwa miaka mingi.

Kinachoshangaza ni kwamba mtetezi wao mkubwa kabisa ni Lucas mwenyewe. Mnamo Machi 1988, wakati matajiri wa televisheni walipokuwa wakizitia rangi filamu za kale za nyeusi na nyeupe, alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kupinga vikali. Aliwaeleza wabunge kwamba kazi za sanaa ni sehemu ya urithi wa umma, na akaonya kuwa teknolojia ingefika mahali pa kuwaondoa waigizaji na kuweka wengine badala yao. Mwaka uo huo sheria ya kuhifadhi filamu ilipitishwa, na mwaka wa 1989 Star Wars ilikuwa miongoni mwa filamu 25 za kwanza kuorodheshwa kuwa hazina ya taifa hilo. Ole wetu! Aliyeonya kuhusu moto ndiye aliyekuja kushika kiberiti.

Watetezi wa Lucas watasema kwamba tajiri anayeipaka rangi kazi ya mwingine si sawa na mtunzi anayeirekebisha kazi yake mwenyewe. Hoja hii ina uzito, na siipuuzi. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha riwaya ya A Grain of Wheat mwaka wa 1967, na mnamo 1986 akatoa toleo alilolirekebisha kulingana na mawazo yake mapya. Hakuna aliyemshtaki kwa hilo. Hata hivyo, hakutuma watu kuingia maktabani kuzikusanya nakala za 1967. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuyaweka matoleo yote mawili mezani, akalinganisha, na kuona jinsi fikra za mwandishi zilivyosafiri. Marekebisho yale yameongeza maarifa yetu. Marekebisho yanayofuta ya kwanza huyapunguza.

Isitoshe, filamu si kazi ya mkono mmoja. Katika tuzo za Oscar za mwaka wa 1978, Star Wars ilishinda kwa uhariri wake na kwa ufundi wake wa picha za ajabu, miongoni mwa mengine. Ufundi ule ulifanywa kwa vijumba vidogo vilivyoundwa kwa mikono, kwa rangi na kwa kamera, na watu waliokesha wakibuni njia ambazo hazikuwapo. Kila picha ya kompyuta inayowekwa juu ya kazi yao huwafuta mafundi hao katika historia, na wao hawakuulizwa.

Tukitaka kujua hatima ya kuwaachia wenye mali peke yao jukumu la kuhifadhi, tuitazame filamu ya Kijerumani Metropolis, ya mwaka wa 1927. Muda mfupi baada ya kuonyeshwa Berlin, wafanyabiashara waliikatakata ili iuzike, na kwa miaka mingi vipande vilivyotolewa vilidhaniwa kuwa vimepotea milele. Mwaka wa 2008 nakala iliyokaribia kuwa kamili ilipatikana katika jumba la makumbusho mjini Buenos Aires, ambako ilifika baada ya kutunzwa na mkusanyaji binafsi. Filamu ilirejeshwa, na mwaka wa 2010 ulimwengu ukaiona tena. Nyingine hazikuwa na bahati hiyo. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka wa 2013 ulionyesha kwamba, kati ya filamu ndefu zisizo na sauti zipatazo 11,000 zilizotengenezwa nchini humo kati ya 1912 na 1929, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika umbo lake la asili.

Dawa ya tatizo hili si ngumu. Mwaka wa 2002 Steven Spielberg aliitoa upya E.T., filamu yake ya 1982, akiwa ameondoa bunduki mikononi mwa maafisa na kuwapa simu za upepo. Baadaye alikiri kujutia uamuzi huo, na diski za mwaka wa 2012 zikarudi na filamu ya kwanza. Blade Runner nayo iliuzwa mwaka wa 2007 katika sanduku moja lenye matoleo matano, mtazamaji akaachiwa achague. Nayo Juni 2025, nakala ya Star Wars ya 1977 iliyohifadhiwa na Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilionyeshwa London mbele ya umati. Mbingu hazikuanguka, wala heshima ya mtunzi haikupungua.

Mtunzi na aongeze, apambe, ajutie na ajisahihishe apendavyo. Ila kazi iliyokwisha kutolewa hadharani huota mizizi katika kumbukumbu za watu, na kumbukumbu hizo si mali yake peke yake. Usitupe mbachao kwa msala upitao. Wenye hakimiliki wakiuweka mkeka wa zamani kando ya mpya, mashabiki hawatakuwa na sababu ya kuvunja sheria.

Mimi nami siku hiyo nitawaketisha wanangu, nimwonyeshe kila mmoja wao ni nani aliyefyatua.