Gundi ya Viatu na Ganzi ya Miguu

Viyeyushi ni vimiminika vinavyoyeyusha gundi, rangi au grisi, kisha hugeuka mvuke upesi na kukiacha kilichoyeyushwa kikikauka; ndivyo vinavyoipa gundi ya viatu harufu yake kali, na ndivyo vinavyoingia mapafuni mwa fundi anayeinamia kazi yake kutwa katika chumba kisichopitisha hewa.

Nchini Japani, gundi ya makubazi yenye benzini ilipigwa marufuku mwaka 1959, kwa kuwa benzini huharibu uboho, yaani sehemu laini ya ndani ya mifupa inayotengeneza chembechembe za damu. Nafasi yake ilichukuliwa na heksani, kiyeyushi cha jamii ya petroli kilichodhaniwa kuwa na nafuu, lakini kufikia mwaka 1969 mtafiti Yamamura alikuwa ameeleza wagonjwa 93 wa neva miongoni mwa watengenezaji wa makubazi, kazi iliyofanyika zaidi majumbani. Kubadilisha sumu inayojulikana kwa kemikali isiyochunguzwa hakustahili kuitwa usalama.

Heksani yenyewe si mkosaji mkuu. Ini, katika kujaribu kuiondoa mwilini, huigeuza kuwa heksanidioni, kemikali inayoshikamana na protini zinazohimili nyuzi za neva hadi nyuzi hizo zikavimba na kushindwa kupitisha taarifa. Nyuzi ndefu hutangulia kuathirika, ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni mwa miguu, baadaye hufika mikononi, kisha misuli hulegea hata mgonjwa akawa anaburura ncha za miguu. Linalowachanganya wengi, matabibu wakiwamo, ni kwamba hali huweza kuzidi kwa wiki au miezi kadhaa baada ya mtu kuacha kazi, ndipo nafuu ianze polepole, na kwa walioathirika sana huenda isikamilike.

Pua si mlinzi wa kutegemewa, kwani huizoea harufu mapema, na barakoa ya kitambaa huzuia vumbi tu, mvuke ukapita. Kinga bora ni gundi ya maji. Isipopatikana, pawepo feni inayofyonza hewa ya mezani na kuitoa nje, na mkebe ufunikwe kila unapowekwa chini. Fundi anayehisi ganzi miguuni amtajie daktari gundi anayotumia, kwa sababu kisukari nacho huleta dalili kama hizo, na asiyeitaja kazi yake huenda akapimwa sukari tu, kisha akarudi kwenye mkebe uleule.