Desturi za Kuteleza Barafuni Mjini Ottawa

Mjini Ottawa, mji mkuu wa Kanada, majira ya baridi huingia Desemba na hayaondoki hadi Machi. Wastani wa joto la Januari ni kama nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri, na ziko siku ambazo kipimo hushuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri. Mito huganda, theluji hulundikana kandokando ya barabara, na jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Wakazi wake, hata hivyo, hawajifungii ndani. Hufunga viatu vyenye bamba jembamba la chuma chini ya soli, wakatoka kuteleza juu ya maji yaliyoganda. Mji una sehemu nyingi za kutelezea, na kila moja ina watu wake, saa zake na adabu zake.

Sehemu iliyo kubwa kuliko zote ni Mfereji wa Rideau. Njia ya kutelezea ina urefu wa kilomita 7.8, kuanzia katikati ya mji, hatua chache kutoka Bungeni, hadi malango ya maji ya Hartwells karibu na Chuo Kikuu cha Carleton. Hupita chini ya madaraja, katikati ya barabara mbili za magari na mitaa ya makazi, kisha hupanuka na kuwa ziwa dogo liitwalo Dows Lake. Hakuna kiingilio, na barafu ikiwa nzuri njia huwa wazi usiku na mchana. Mwaka 2005 kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitambua kuwa uwanja mkubwa kuliko vyote duniani wa kutelezea juu ya barafu ya asili. Watu wa Winnipeg, ambao nao wana njia yao ya mtoni, hawajalikubali jambo hilo kwa moyo mweupe. Wao hupima urefu na Ottawa hupima eneo, hivyo ubishi hauna mwisho.

Mfereji wenyewe haukuchimbwa kwa ajili ya mchezo. Jeshi la Uingereza liliujenga kati ya mwaka 1826 na 1832, chini ya Luteni Kanali John By, ili kuunganisha Mto Ottawa na mji wa Kingston kwa njia ya maji ya kilomita 202, mbali na mpaka wa Marekani, ambayo ilikuwa adui katika vita vya 1812. Vibarua, wengi wao wakiwa Wairishi na Wakanada wa asili ya Kifaransa, walifyeka misitu na kuchimba mawe katikati ya vinamasi. Wanaokadiriwa kufika 1,000 walikufa, wengi kwa maradhi, na mojawapo ya maradhi hayo lilikuwa malaria. Ni habari inayoweza kumshangaza msomaji wa Afrika Mashariki: homa ya mbu iliwaua watu mahali ambapo leo mamia kwa maelfu hufika kucheza kwenye baridi kali. Vita vilivyohofiwa havikuja. Mwaka 2007 UNESCO iliuingiza mfereji katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwa zaidi ya miaka mia moja watu waliteleza hapa na pale penye barafu safi, bila mpango. Mambo yalibadilika Januari 1971, wakati Douglas Fullerton, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Mji Mkuu wa Taifa, alipoagiza theluji iondolewe juu ya mfereji. Wafanyakazi walishuka na mafagio na makoleo, wakafungua njia nyembamba karibu na Kituo cha Taifa cha Sanaa, na watu wakamiminika tangu siku za mwanzo. Tangu hapo tume hiyo ndiyo inayoitunza barafu ya mfereji, na kizazi kizima cha wakazi kilikua bila kujua majira ya baridi yasiyokuwa na njia hiyo.

Barafu ya kubeba umati haijitengenezi yenyewe. Mwishoni mwa vuli maji ya mfereji hupunguzwa, kisha vibanda vya kubadilishia viatu, ngazi na njia za mteremko kwa watu wa viti vya magurudumu huwekwa mahali pake kabla ya maji kuganda. Kinachofuata ni kungoja. Zinahitajika takriban siku 10 hadi 14 mfululizo za baridi ya kati ya nyuzi 10 na 20 chini ya sifuri ili barafu ifikie unene wa sentimita 30, unaotosha kubeba watu pamoja na mashine. Theluji nyingi wakati huo ni balaa, kwa sababu huifunika barafu na kuizuia baridi isiifikie. Wafanyakazi huiondoa upesi, huku wengine wakitoboa barafu kupima unene na kutazama ubora wake. Barafu angavu ni imara, ile nyeupe yenye viputo vya hewa ni dhaifu. Njia ikishafunguliwa, kazi huhamia usiku: maji huvutwa kutoka chini ya barafu kwa pampu na kumwagwa juu yake, yakagande na kuziba nyufa zilizochongwa na maelfu ya viatu mchana.

Kungoja barafu igande kumekuwa desturi kamili. Kuanzia katikati ya Desemba, habari za unene wa barafu hutangazwa redioni pamoja na hali ya hewa, na wafanyakazi wa ofisini hubahatisha tarehe ya ufunguzi. Bendera hutoa hukumu: ya kijani ina maana njia iko wazi, nyekundu imefungwa. Mtu anayeshuka penye bendera nyekundu huonwa kuwa mjinga, wala si shujaa, na pengine hapo ndipo heshima ya watu wa Ottawa kwa barafu inapoonekana vizuri zaidi.

Juu ya mfereji kuna adabu ambazo hazihitaji polisi. Watelezaji hushika upande wa kulia. Wenye kasi huwapita wengine kwa kushoto, na anayetaka kupumzika husogea pembeni badala ya kusimama katikati. Wasio na viatu vya kutelezea wanaruhusiwa kutembea kwa mabuti, lakini hubaki kandokando. Mbwa, baiskeli na magongo ya hoki haviruhusiwi. Watoto wadogo husukumwa na wazazi wao katika vigari vya mbao vyenye mgongo mrefu, vilivyovikwa chuma chini badala ya magurudumu, ambavyo pia hukodishwa palepale. Asubuhi za kazi huonekana watu wenye mikoba mgongoni wakiteleza kwenda ofisini au chuoni. Mfereji kwao ni barabara, tena isiyokuwa na foleni. Jumamosi mchana ni kinyume chake, familia kwa familia, bibi na wajukuu, na wapenzi walioshikana mikono ndani ya glavu nene.

Mavazi yana kanuni yake: nguo nyepesi kadhaa zilizovaliwa moja juu ya nyingine hufaa kuliko koti moja zito, maana mtelezaji hupata joto upesi na huhitaji kuvua. Kofia ya sufu inayofunika masikio haikosekani. Viatu ni vya aina mbili kuu: vya hoki, vyenye bamba lililopinda kidogo pande zote mbili, na vya kuchezea dansi ya barafuni, ambavyo bamba lake lina meno mbele. Meno hayo humwangusha asiyeyazoea. Bamba lisiponolewa halishiki barafu, kwa hiyo maduka ya kunoa hujaa kila wikiendi.

Chakula nacho kina nafasi yake. Vibanda vilivyowekwa juu ya barafu huuza chokoleti ya moto, supu, na mkate bapa wa kukaanga uitwao BeaverTails, wenye umbo refu kama mkia wa biva, yule mnyama wa majini anayejenga mabwawa kwa miti. Unga wake uliochachuliwa na mafuta yake humkumbusha mtu mahamri, ila huu hunyunyiziwa sukari na mdalasini, au hupakwa chokoleti, na huliwa wima, miguu ikiwa bado ndani ya viatu vya chuma. Biashara hiyo ilianza mwaka 1978 katika Ontario, mkoa ulimo mji wa Ottawa, na baadaye ikapata kibanda chake cha kudumu katika soko la ByWard mjini humo. Sharubati ya mti wa mepo iliyochemshwa ikawa nzito humwagwa juu ya theluji safi, kisha huzungushwa kwenye kijiti na kulambwa.

Kila mwaka kuanzia 1979, tamasha la Winterlude hufanyika kwa wiki kadhaa, hasa Februari. Wachongaji wa barafu hushindana katikati ya mji, na upande wa pili wa Mto Ottawa, katika mji wa Gatineau, watoto hujengewa vitelezo vya theluji. Tamasha hilo huwavuta wageni wengi kutoka nje. Wenyeji wengi huchagua kuteleza asubuhi mapema siku hizo, kabla umati haujashuka.

Sehemu ya pili kwa umaarufu, na iliyo kongwe zaidi, ni uwanja wa Rideau Hall, makazi ya Gavana Mkuu. Lord Dufferin aliufungua mwaka 1872, na tangu hapo raia wameruhusiwa kuteleza ndani ya ua wa makazi hayo. Mwishoni mwa wiki huwa wazi kwa wote, na siku nyingine hutengewa makundi yaliyoomba nafasi. Hoki ya barafuni inadaiwa mengi na ua huo. Watoto wa Lord Stanley, aliyefuata baadaye katika cheo hicho, waliupenda mchezo huo mno, na mwaka 1892 baba yao alitoa kombe ambalo mpaka leo ndilo tuzo kuu ya hoki ya kulipwa Amerika Kaskazini. Binti yake, Isobel, ni miongoni mwa wanawake wa kwanza kuonekana pichani wakicheza hoki, uwanjani hapohapo, karibu na mwaka 1890.

Anayetaka kuujua mji wenyewe, mbali na picha za watalii, inampasa aende kwenye viwanja vya mitaani. Vipo zaidi ya 200, katika bustani za mitaa na viwanja vya shule, na vingi hutunzwa na wakazi wanaojitolea huku manispaa ikiwasaidia vifaa na fedha kidogo. Baridi ikishika, majirani hutoka usiku, mabomba mkononi, wakamwaga maji safu juu ya safu, maana maji mengi kwa mara moja huganda vibaya na kuacha mabonde. Kazi hii hufanywa saa ambazo wengine wamelala, na anayeijua vizuri huheshimika mtaani, ingawa jina lake halijulikani mtaa wa pili.

Viwanja hivyo huwa vya namna mbili. Kimoja huzungushiwa mbao kwa ajili ya hoki. Kingine ni kidimbwi cha wazi cha watoto na wanaojifunza. Hoki inayochezwa hapo haina mwamuzi wala timu za kudumu. Wachezaji hutupa magongo yao katikati, mtu mmoja huyagawa kwa kuyarusha kushoto na kulia bila kutazama, na kila mmoja hufuata gongo lake. Hivyo mwanafunzi wa sekondari hujikuta upande mmoja na daktari wa miaka 60. Kisahani cha mpira kinachopigwa kwa magongo hakiinuliwi juu, kwa sababu wengi hawana kinga, na mtoto mdogo akikipata huachiwa akiguse kwanza kabla ya kunyang'anywa. Theluji ikianguka, wote huchukua makoleo kabla ya kuchukua magongo.

Kwa siku ambazo joto hupanda, viko viwanja vya nje vinavyopozwa kwa mitambo, kikiwemo kile cha mbele ya jengo la manispaa, kilichofunguliwa mwaka 2012, na kile cha Lansdowne. Barafu yake ni laini na ya kutegemewa, lakini mzunguko ni mfupi. Wapenda ukimya huendesha gari hadi Lac-des-Loups, upande wa Quebec, ambako njia ya barafu hupita katikati ya msitu, kwa malipo.

Ottawa na Gatineau zina wakazi wengi waliotoka Burundi, Kongo, Rwanda na Somalia, na Kiswahili husikika katika baadhi ya mitaa yake. Kwao desturi hii mara nyingi huingia nyumbani kupitia watoto, kwa kuwa shule huwapeleka wanafunzi kuteleza. Viatu vilivyotumika hupatikana kwa bei nafuu katika maduka ya mitumba, na anayeanza husukuma kitu kama fremu ya chuma mbele yake mpaka miguu izoee. Hakuna anayemcheka mtu mzima aliyeanguka. Wenyeji nao walianguka vilevile, tofauti ni kwamba wao walikuwa na miaka mitatu.

Tatizo kubwa la sasa ni joto. Katika msimu wa 1971 hadi 1972 watu waliteleza kwenye mfereji kwa siku zipatazo 90. Majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 njia haikufunguliwa hata siku moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu ianzishwe, na mwaka uliofuata ilifunguliwa kwa siku 10 tu, tena kwa vipande. Msimu wa 2025 ulikuwa na afadhali; bendera ya kijani ilipandishwa Januari 11. Tume, ikishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton, imekuwa ikijaribu mbinu kadhaa: mitambo inayorusha rojo la barafu juu ya maji ili yagande mapema, mabomba ya kutoa joto chini na kulipeleka hewani, na mashine nyepesi za kuondoa theluji zinazoweza kupita wakati barafu ikiwa bado nyembamba. Viwanja vya mitaani havina watafiti. Watunzaji wake husubiri usiku wenye baridi ya kutosha, na ukipatikana mwishoni mwa Januari badala ya Desemba, huanza kumwaga maji usiku huohuo.